Amarilisi ina majani tele lakini haitoi ua: tafuta chanzo mwaka uliopita

Mtu akinijia na malalamiko kuhusu amarilisi yake, simwulizi kwanza anaimwagilia mara ngapi. Namwuliza hivi: mwaka jana, maua yaliponyauka, ulifanya nini? Karibu kila mara jibu la tatizo huwa limejificha hapo. Ua linalosubiriwa leo lilianza kuumbika ndani ya tunguu zaidi ya miezi kumi na moja nyuma, wakati mwenyewe ameshaacha kuliangalia kwa kuwa uzuri ulikuwa umekwisha.

Tunguu hili limejengwa kama kitunguu cha jikoni. Lina magamba yaliyofunikana, na chini lina kitako ambapo mizizi huchomoza. Kila gamba ni sehemu ya chini ya jani. Mmea ukishatoa majani kama manne, huweka kichanga cha ua. Ukitoa mengine manne, huweka kingine. Kichanga hukaa gizani humo ndani kati ya miezi 11 na 14 kabla ya kupanda juu. Tunguu lililoshiba likipasuliwa katikati, vichanga viwili au vitatu vya umri tofauti huonekana vimepangana. Kwa hiyo majani ndiyo yanayolipika ua. Yakikosekana majani manne msimu huu, limekosekana ua moja msimu ujao, na hakuna mbolea itakayolirudisha.

Jina nalo lina utata wake, na utata huo huleta hasara bustanini. Tunachokiita amarilisi huku kwetu kitaalamu ni Hippeastrum, mmea wa Amerika Kusini, hasa Brazili, Bolivia na Peru. Amaryllis yenyewe ni ya Afrika Kusini, huko Rasi (Cape), na hutoa maua ikiwa haina jani hata moja. Wataalamu wa mimea walibishana juu ya majina haya kwa muda mrefu, na mkutano wao wa kimataifa wa mwaka 1987 ndio uliomaliza ubishi. Maduka hayakubadilika. Ukisoma maelekezo ya "amaryllis" yanayokutaka uiache kavu kabisa wakati majani ya kwako yanastawi, huenda unasoma habari za mmea mwingine.

Majani mengi, ua hakuna

Anza na uzi na rula. Zungusha uzi kwenye sehemu nene ya tunguu, kisha upime. Likiwa chini ya sentimita 18 hivi, bado ni mtoto. Lisubiri, lilishe, usililaumu. Watoto wanaochipuka ubavuni mwa mama huhitaji miaka miwili mitatu, na mmea uliotokana na mbegu huchukua mitatu hadi mitano. Wengi huyagawa matunguu kila mwaka ili wampe kila jirani, halafu wanashangaa bustani nzima imekaa kimya. Mimi hungoja mpaka watoto waanze kumbana mama, yaani baada ya miaka mitatu au minne, ndipo nigawe.

Tunguu likiwa kubwa na ua halitoki, uliza habari za majani. Je, yalikatwa yakiwa mabichi? Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kuliko mengine yote, na linaniuma kwa sababu hufanywa na watu wanaopenda usafi. Maua yakinyauka, kata vichwa vyake tu, ili mmea usiingie gharama ya kutengeneza mbegu. Bua la kijani liache mpaka ligeuke njano lenyewe, maana nalo linapika chakula. Majani usiyaguse. Usiyafunge mafundo wala usiyasuke. Yatachoka yenyewe kiangazi kikifika.

Halafu jua. Amarilisi chini ya mwembe au mparachichi huota majani marefu, membamba, yenye kijani kilichokolea, yakalala chini. Yanapendeza macho, lakini hayashibishi tunguu. Mmea unahitaji jua la asubuhi kwa muda wa saa nne au zaidi. Kivuli cha mchana si kibaya, hasa sehemu za joto.

Mbolea huharibu kwa njia mbili. Urea nyingi, au samadi mbichi ya kuku, hutoa majani manene na tunguu legevu. Kutotia chochote kwa miaka mitano kwenye kopo lilelile nako hulikondesha tunguu. NPK 17-17-17, kijiko cha chai kwa chungu cha wastani kila baada ya wiki nne hadi sita majani yakiwa yanakua, inatosha. Ukiona majani yanaanza kuchoka, acha. Majivu ya jikoni yana potasiamu ambayo matunguu yanaipenda, lakini yanapunguza uchachu wa udongo, na amarilisi hupendelea udongo wenye uchachu kidogo. Konzi moja kwa mwaka basi.

Sababu ya mwisho ni kukosa kupumzika. Huku Usambara kiangazi cha Juni hadi Septemba chenye baridi huifanya kazi hiyo chenyewe: majani hupungua, tunguu hutulia, na vuli ikianza kugonga Oktoba mabua huchomoza. Mmea ulio barazani, ukimwagiliwa kila siku mwaka mzima, haupati ishara hiyo. Acha kuumwagilia kwa wiki nane hadi kumi, uweke mahali pakavu pasiponyeshewa. Kisha uwekee maji kidogo tu, na uongeze pale bua litakapoonekana. Zipo aina ambazo hazipotezi majani yote hata ukizinyima maji. Usizilazimishe, majani machache yakibaki hayana ubaya.

Bua limetoka, lakini halikuenda sawa

Bua refu linaloinama upande mmoja linatafuta mwanga. Geuza chungu robo mzunguko kila siku mbili. Kumbuka bua hilo ni tupu ndani na linabeba maua mawili hadi sita, kila moja kubwa kama kisahani cha kikombe, hivyo hata lililonyooka laweza kuvunjika upepo ukipita. Chomeka kijiti pembeni, mbali na tunguu, ulifunge kwa uzi laini.

Ua linalofunguka likiwa bado limekwama shingoni, bua likiwa fupi kama kidole, limeharakishwa. Mara nyingi tunguu halikupumzika muda wa kutosha, au mizizi haijaota na ua linaishi kwa akiba ya magamba peke yake. Mwaka huu lifurahie hivyohivyo. Kosa la kuliepuka ni kumimina maji mengi ukidhani utalivuta juu, kwa maana tunguu lisilo na mizizi halinywi, linaoza.

Chipukizi likikauka bila kufunguka, fikiria kwanza ukame wa siku chache wakati bua lilipokuwa likipanda. Kisha chunguza ndani ya petali kama kuna vidudu vyembamba viitwavyo thripsi, vidogo kama vipande vya uzi.

Tunguu limelegea

Hapa nazungumza kwa uchungu. Shangazi yangu aliponipa matunguu yangu ya kwanza, kumi na moja, niliyapanda kama viazi. Nilichimba shimo la kina cha kiganja kizima kwenye udongo wa mfinyanzi, nikayafukia nikashindilia, mwezi Machi, masika ikiwa mlangoni. Juni nilipochimbua nilikuta tisa yamekuwa uji. Mawili yaliyopona yalikuwa kwenye ukingo wa tuta, mahali ambapo maji yalikuwa yameosha udongo na kuacha mabega yake wazi.

Mawili yale ndiyo yaliyonifundisha. Theluthi ya juu ya tunguu, hata nusu, iwe nje ya udongo. Shingo isizikwe kamwe, kwa sababu maji yanayotuama katikati ya magamba ndiyo mlango wa kuoza. Udongo wangu siku hizi ni ndoo mbili za udongo wa juu, moja ya mchanga wa mto, moja ya samadi iliyooza mpaka haina harufu. Ukitumia dumu lililokatwa, toboa matundu chini kwa msumari wa moto, si mawili, bali manane au kumi.

Lakini si kila ulegevu ni ugonjwa. Bonyeza kwa vidole gumba viwili. Tunguu lililolegea sawasawa pande zote, kavu, lisilonuka, na limetoka kutoa maua juzi, limetumia akiba yake tu. Lirudishie nguvu kwa jua na chakula, litajaa. Lililolegea sehemu moja, pana maji na pananuka, limeshambuliwa na bakteria. Na lile ambalo juu ni gumu lakini ukilivuta linang'oka bila mzizi, kitako kikiwa na rangi ya kahawia na kinabomoka kama keki iliyokauka, hilo lina kuvu, na kuvu huyo alianza chini muda mrefu kabla wewe hujaona jani la kwanza kuwa njano.

La kunuka, kama zaidi ya nusu imekwenda, litupe, wala usilitupe kwenye lundo la mboji. Likiwa na doa tu, livue magamba mpaka ufikie nyama nyeupe ngumu, ukifuta kisu kwa spiriti kila baada ya mkato. Kitako kikiwa kimeguswa, kikwangue kidogokidogo ukiacha sehemu yoyote nyeupe iliyobaki, kwani mizizi mipya hutoka hapo peke yake. Kitako kikiisha chote, tunguu limekufa hata kama magamba yanang'aa. Pakaza majivu makavu au unga wa salfa kwenye vidonda, liweke kivulini penye hewa siku tano hadi saba, kisha liketishe juu ya mchanga wenye unyevu kidogo, usilifukie. Nimeokoa mengi kwa njia hii. Hayakutoa ua mwaka uliofuata, na sikuyatarajia.

Wekundu kwenye majani na mabua

Wengi huogopa mara tu wanapoona alama nyekundu. Subira kwanza. Amarilisi ikijeruhiwa, iwe ni kwa ukucha, jogoo, au mvua ya mawe, jeraha hugeuka jekundu. Ni desturi yake. Chukua kalamu, zungushia alama pembezoni mwa doa, urudi baada ya wiki. Lisipovuka mstari, ni kovu.

Likivuka, na vidoa vidogo vyekundu vinarefuka na kuungana, jani likikunjika pale penye doa na bua likipinda upande wa kidonda, huyo ni kuvu ambaye vitabu vingi humwita Stagonospora curtisii. Hupenda majani yaliyolowa, kwa hiyo masika ndiyo sikukuu yake, pamoja na kumwagilia kwa keni ya mvua juu ya majani. Kata sehemu zilizougua, zichome. Mwagilia udongo, usiloweshe mmea. Achanisha vyungu, hewa ipite. Dawa za ukungu zenye shaba, zile wakulima wa kahawa wanazozijua vizuri, huzuia kuenea ukizipuliza kabla ya mvua kukolea; haziponyi doa lililokwisha kuingia. Fuata vipimo vya kwenye kibandiko, vaa glavu na barakoa. Tunguu likiwa pumzikoni, likague na uvue magamba ya nje yenye mabaka mekundu, maana msimu wa mvua unaokuja utaanzia hapo.

Kuna wekundu wa tatu unaofanana na huu, ila umekaa kwenye kingo za jani, ukiwa na mistari mirefu na meno kama ya msumeno, na jani limepotoka umbo tangu linatoka shingoni. Huyo ni utitiri anayeishi katikati ya magamba, mdogo kiasi kwamba jicho halimwoni. Dawa ya kupuliza haimfikii. Ninayashauri matunguu ya namna hiyo yachomwe, kwa kuwa yakibaki jirani yote yatapata.

Majani yana madirisha, kesho yake yamekwisha

Hili, tofauti na mengi kwenye orodha yangu, halikuanza mwaka jana. Limeanza juzi, na una siku tatu nne tu. Nondo wa usiku hutaga mayai kwa mafungu kwenye jani. Viwavi wachanga huingia ndani ya jani lenyewe, katikati ya ngozi mbili, wakala nyama wakaacha ngozi. Ukiliinua kwenye jua unaona madirisha ya kung'aa yenye vitone vyeusi vya kinyesi. Wakikua hutoka nje, weusi wenye madoa na mikanda ya rangi ya maziwa au manjano, wakashuka pamoja kama kikosi kuelekea shingoni, na wakifika ndani ya tunguu huligeuza ganda tupu.

Kitaalamu huitwa Brithys crini, na jina hilo linakueleza anapotoka: anakula mimea ya jamii ya Crinum, yale malili meupe yaotayo kando ya mito na mabondeni, na yale makubwa yanayopandwa mbele ya nyumba pwani. Ukiwa nayo uani, yakague pia, pamoja na klivia.

Jani lenye madirisha likate chini ya sehemu iliyoliwa, ulichome. Waliotoka nje waokote kwa mkono uwatie kwenye maji ya sabuni. Fungua shingo kwa vidole uangalie. Dawa iliyotengenezwa kwa bakteria iitwayo Bacillus thuringiensis huwaua wakiwa wadogo, ila lazima wale jani lililopulizwa. Walio ndani ya jani haiwagusi, ndiyo sababu kukata kunatangulia.

Mistari ya njano

Jani la nje, la zamani, linalokuwa njano lote kuanzia nchani linazeeka au lina njaa. Majani machanga yenye mistari na mabaka ya njano na kijani yaliyochanganyika, mwaka baada ya mwaka, yana virusi. Havina dawa. Husambazwa na vidukari na kwa kisu kinachopita mmea mmoja hadi mwingine kikiwa na utomvu, tena mara nyingi ni kisu cha yule mwenye upendo anayewakatia marafiki watoto. Najua ni vigumu kung'oa tunguu ambalo bado linatoa ua. Ling'oe. Na ukipewa zawadi ya tunguu, litenge msimu mmoja kabla ya kuliweka na mengine.

Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shingo, tafuta vidung'ata, vile vidudu vyenye unga mweupe kama pamba. Vua magamba makavu, futa kwa kitambaa chenye spiriti, rudia baada ya wiki.

Mahali ulipo hubadilisha jibu

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, joto na unyevu havileti pumziko lenyewe, kwa hiyo huko panda kwenye chungu ili uweze kulinyima maji kwa makusudi, na ulikinge jua la saa saba. Lile la asili la maua madogo ya rangi ya chungwa hustahimili pwani kuliko haya makubwa ya dukani. Kama una nafasi ya mmea mmoja tu, chagua hilo.

Nyanda za juu kama Njombe na Makete, au Kinangop upande wa Kenya, adui ni sakitu, baridi ya kugandisha, ambayo Njombe na Makete huja Juni na Julai. Majani yaliyopigwa yanakuwa kama mboga iliyochemshwa. Usiyakate asubuhi hiyohiyo, subiri yakauke. Funika tunguu kwa nyasi kavu jioni za anga jeupe lisilo na mawingu, ufunue kukicha.

Walio Ulaya na Amerika Kaskazini huyanunua kabla ya Krismasi, mengi yakitoka Uholanzi na Afrika Kusini, na huchanua wiki sita hadi nane baada ya kupandwa ndani ya nyumba. Watu wengi huko huyatupa Januari. Usilitupe lako. Liweke dirishani penye mwanga, litoe nje sakitu ikishapita, lilishe majira yote ya joto, na Septemba liache likauke mahali penye nyuzi 10 hadi 13 kwa wiki nane hadi kumi. Ukikosa ua baada ya hapo, rudi kwenye uzi na rula.

Unapoyahifadhi

Matunguu haya yana sumu iitwayo likorini. Mtu, mbwa au paka akiyala hutapika na kuharisha, na utomvu wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu, basi vaa glavu unapokata. Yakishavuliwa magamba ya nje na kukauka, yanafanana na vitunguu maji kiasi kwamba msichana wa kazi au bibi mwenye macho hafifu hawezi kutofautisha. Yasilale jikoni hata usiku mmoja, wala stoo ya chakula. Mimi huyatundika kwenye banda la zana, ndani ya mfuko wa wavu, juu ya kimo cha mtoto, na kipande cha ubao kimefungwa kwenye mfuko, kimeandikwa kwa rangi: MAUA, HAYALIWI.